Kutoka bustani ya Mpunguzi hadi jikoni Ilazo: namna ya kuuza mazao kwa simu

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini. Ya mwaka 2022 ikakuta watu 765,179. Ndani ya miaka hiyo kumi Serikali ilihamia, wizara zikajengewa Mtumba, na mitaa kama Ilazo, Kisasa, Nzuguni na Iyumbu ikajaa nyumba za watu wanaonunua kila jani wanalokula. Watu hao wanaishi mwendo mfupi tu kutoka Mpunguzi, Zuzu na Veyula, ambako mboga zinalimwa. Hata hivyo mchicha wa Mpunguzi mara nyingi unachukuliwa na dalali alfajiri, unakwenda soko la Majengo au la Sabasaba, unapita mikono miwili mitatu, na unamfikia mama wa Ilazo jua limeshaupiga, kwa bei ambayo mkulima akiisikia anashika kichwa.

Mwongozo huu ni wa mwenye eneo dogo: robo eka ya bustani kando ya kisima, banda la kuku, mizabibu michache nyuma ya nyumba. Huhitaji tovuti, wala programu ya kutengenezewa kwa mamilioni. Unahitaji simu janja moja, hata ikiwa ya mwanao, laini yenye akaunti ya pesa, daftari, mizani, na nidhamu ya siku moja kwa wiki.

Shika hili kabla ya mengine yote: oda itangulie, kisu kifuate. Mkulima anayevuna kwanza halafu akaanza kutafuta mnunuzi anauza kwa bei ya mwenye haraka, awe na simu au asiwe nayo. Anayejua Ijumaa usiku nani atakula nini Jumamosi, huyo ndiye mwenye nafasi ya kupanga bei. Kazi ya simu ni kukupa hiyo Ijumaa usiku.

Hatua ya 1: Chagua mazao yanayofaa kuuzwa hivi

Si kila zao linapita njia hii. Alizeti ina viwanda vyake vya kukamua. Mahindi na mtama wa magunia vina Soko la Kibaigwa kule Kongwa. Ufuta, mbaazi, choroko na dengu kuna maeneo ambako sharti ziuzwe kwa stakabadhi ghalani, yaani mzigo unawekwa ghalani na kuuzwa kwa mnada, kwa hiyo muulize kwanza ofisa ugani au AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kwenu kabla hujamwahidi mtu mzigo.

Kinachofaa ni kile ambacho mteja anakihitaji kila wiki, au kile ambacho anahangaika kukipata kikiwa kizuri. Kundi la kwanza ni mchicha, chainizi, matembele, majani ya kunde, bamia, nyanya chungu, nyanya, mayai. Kundi la pili ni hazina yetu wenyewe na watu wa kwetu huwa wanaidharau: mlenda mkavu uliotwangwa vizuri bila mchanga, unga wa uwele, karanga za mwaka huu, ubuyu, kuku wa kienyeji aliyekua kweli, zabibu za mezani zilizoivia mtini. Dodoma sasa ina watu kutoka kila mkoa. Wengine wamekuja na hamu ya vyakula vya kwao, wengine wameonja mlenda hapahapa na hawataki tena kuishi bila huo. Vingi kati ya vitu hivi havinyauki, havigombani na jua, na vinajaza oda ya mteja ambaye mboga peke yake isingetosha kulipia safari.

Halafu panda kwa zamu. Mchicha hufaa kuvunwa wiki tatu hadi nne tangu kusiwa. Ukisia matuta yote siku moja, utakuwa na mboga ya kumwaga wiki moja na wiki tatu zinazofuata huna kitu, na mteja uliyemwambia “wiki hii hakuna” mara mbili ameshazoea genge la jirani. Sia tuta moja au mawili kila wiki, siku ileile ya wiki. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na wala si kwenye simu.

Kalenda ya soko la Dodoma ina zaidi ya kifuku na kiangazi. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni: nyumba za wageni zinajaa, mama lishe wanapika zaidi, na mboga inatafutwa. Desemba watumishi wengi husafiri kwenda kwao, mitaa fulani inakuwa kimya. Vyuo vikifunga, wanaolisha wanafunzi wanapunguza oda. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, mwenye maji ndiye mwenye soko, kwa sababu mlenda na mchicha wa porini umeshakauka. Mvua zikianza kila mtu ana mboga mlangoni. Wakati huo punguza majani, ongeza mayai, kuku na vya kukausha.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya oda moja kabla ya kutaja bei

Kosa linaloua biashara hizi ni kulinganisha bei ya dalali na bei ya gengeni, kisha kudhani tofauti yote ni faida. Chukua mfano huu na uweke tarakimu zako. Tuseme dalali anakupa shilingi 150 kwa fungu, na wewe utauza 500. Una wateja 20. Usafiri wa kuwazungukia ni 20,000, vifungashio 3,000, bando na makato ya miamala 2,000. Jumla 25,000, yaani kila mteja amekugharimu 1,250 kabla hujagusa jasho lako.

Mteja akiagiza mafungu manne ya 2,000, unabaki na 750, chini ya 190 kwa fungu. Hiyo ni karibu bei ileile ya dalali, na umepoteza Jumamosi nzima. Mteja huyohuyo akiagiza vitu vya 6,000, unabaki na 4,750, karibu 396 kwa kila thamani ya fungu moja. Mboga ni ileile, barabara ni ileile, kilichobadilika ni ukubwa wa oda. Ndiyo maana weka kiwango cha chini, mathalani 5,000, na ukitangaze tangu siku ya kwanza. Anayetaka chini ya hapo mshauri aungane na jirani yake: oda mbili, geti moja. Wanawake wa mtaa mmoja hulielewa hili haraka sana na wenyewe watakuletea wengine.

Bei yako iwe sawa na ya gengeni au pungufu kidogo. Usijishushe mno ukidhani ndiyo njia ya kupata wateja. Mteja wa kufikishiwa nyumbani anatafuta ubichi, usafi na uhakika, na hivyo vina gharama.

Fungu nalo lipimwe. Neno “fungu” kila mtu ana lake, na mteja asiyekuona uso kwa uso hawezi kuchagua kubwa kwa mkono wake. Amua fungu lako lina gramu ngapi, andika, kisha usilipunguze hata siku mboga imekuwa adimu. Siku hiyo pandisha bei na useme wazi. Mizani ya kuuzia iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Kwa vitu vilivyosagwa na kufungwa, kama unga wa uwele au mlenda, ukitaka kuvuka kutoka kwa majirani hadi madukani, anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua ya utambulisho uende nayo TBS, shirika la viwango.

Hatua ya 3: Andaa simu

Tenga laini ya biashara. Simu nyingi zinabeba laini mbili, kwa hiyo gharama yake ni ndogo. Isajiliwe kwa jina lako kwa alama za vidole, na ukipiga *106# uhakikishe kuwa laini zinazosomeka kwenye kitambulisho chako cha NIDA ni zako kweli.

Pakua WhatsApp Business, ile yenye alama ya B. Ni ya bure. Namba moja haiwezi kukaa kwenye WhatsApp ya kawaida na hii kwa wakati mmoja, ndiyo sababu nyingine ya kutenga laini. Jaza jina la bustani, kijiji ulipo, siku unazopeleka mzigo na mitaa unayofika. Kisha fungua katalogi na uweke kila bidhaa kwa picha, kipimo na bei. Mteja mpya anapouliza “una nini?”, unamtumia katalogi badala ya kuandika upya usiku kucha. Tumia pia lebo: mteja aliyeagiza mpe lebo ya oda mpya, aliyelipa mpe ya amelipa. Ukifikisha watu 30 utaona umuhimu wake.

Picha piga asubuhi mapema au jioni jua likilegea. Jua la saa saba mchana linaifanya mboga ionekane imeungua hata kama ni nzima. Weka fungu juu ya ungo au kitambaa safi, si juu ya udongo. Piga ya kwako. Ukichukua picha ya nyanya za mtandaoni zinazong’aa, mteja atazilinganisha na ulizompelekea, na atakuwa na haki ya kulalamika.

Kama wewe una kitochi tu, hujafungiwa nje. Jirani mmoja mwenye simu janja apokee oda za bustani tatu nne, awasambazie kwa kupiga au kwa meseji ya kawaida. Kulipwa kwa simu hakuhitaji simu janja. Kwa vijiji ambavyo mtandao unakuja na kuondoka, meseji ya kawaida mara nyingi hufika mahali WhatsApp imekwama.

Hatua ya 4: Tafuta wateja wa mtaa mmoja

Wateja 20 wa Ilazo wana faida kuliko wateja 60 waliotawanyika Ilazo, Nkuhungu, Kikuyu na Ihumwa. Kwa hiyo chagua mtaa mmoja, au ofisi moja. Ofisi ina uzuri wake: watu 15 wa jengo moja Mtumba wanapokea mzigo kwenye geti moja, unashusha mara moja na kuondoka. Lakini panga na mlinzi mapema, na umwombe mtumishi mmoja awe mpokeaji.

Wa kwanza wapate kwa mdomo. Nenda na mafungu machache, mpe mwenye nyumba unayemfahamu, muulize kama ana majirani wangependa. Jumuiya ya kanisani, wanamsikiti, wazazi wa shule ya mtoto, kikundi cha kuweka na kukopa: huko ndiko kuaminiana kulikoanzia. Kama kuna kundi la WhatsApp la mtaa, muombe ruhusa anayeliongoza kabla hujabandika tangazo lako. Mwulize mjumbe pia. Viongozi wa mtaa huwa wanafurahi kuona kijana au mama wa pembezoni ana biashara ya heshima.

Kila mteja anapokubali, mwambie ahifadhi namba yako kwenye simu yake. Lisimamie hili hapohapo mbele yake, kwa sababu orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast), inayobeba hadi watu 256, humfikia yule tu aliyekuhifadhi. Mimi naipendelea orodha hiyo kuliko kundi. Kwenye kundi, mmoja akilalamikia nyanya, wote wanasikia kabla hujajibu. Mwingine ataanza kuuza vitenge. Na namba za watu zinaonekana na kila mtu. Kwenye orodha, kila mteja anaona ujumbe kama ulioandikiwa yeye.

Namba na ramani za nyumba za watu ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, mama aliyekuelekeza geti lake hakukupa ruhusa ya kumgawia muuza mkaa. Usitoe.

Hatua ya 5: Weka mzunguko wa wiki, usiuvunje

Hapa ndipo kiini cha kazi. Ukiuza kila siku kila saa, utakuwa mtumwa wa simu na bodaboda watakula faida yote. Chagua siku moja ya kupeleka, ikikua, mbili. Kwa mtaa wa watumishi Jumamosi asubuhi ni nzuri, wapo nyumbani na wanapika. Kwa ofisi, Jumatano au Ijumaa alasiri kabla hawajatoka.

Mzunguko wa Jumamosi unakwenda hivi. Alhamisi jioni tembea bustanini ukiwa na daftari, kadiria kila tuta litatoa mafungu mangapi, kisha toa kidogo chini ya ulichokadiria. Alhamisi hiyohiyo usiku tuma orodha. Iwe fupi, isomeke kwa pumzi moja:

“Habari za jioni mama Neema, poleni na majukumu. Jumamosi hii tuna: mchicha fungu gramu 400 sh 500, chainizi fungu gramu 400 sh 500 (yapo 30 tu), nyanya kilo sh 1,800, mayai ya kienyeji trei sh 15,000, mlenda mkavu kopo sh 2,000. Oda mwisho Ijumaa saa 2 usiku. Tunafika Ilazo Jumamosi kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Karibu sana.”

Bei hizo ni za mfano. Muundo ndio wa kuiga: salamu kwa jina analoitwa, kilichopo, kipimo, bei, idadi ya kile kilicho kichache, mwisho wa oda, muda wa kufika. Mzee mwanzie na shikamoo, hata kwenye simu. Mteja mwenye cheo mwandikie kama unavyomwandikia mama wa nyumbani, kwa adabu ileile.

Kila oda ijibiwe kwa kuirudia: “Nimepokea: mchicha 4, nyanya kilo 2, mayai trei 1. Jumla 20,600.” Kurudia kunamaliza ugomvi wa Jumamosi kabla haujazaliwa. Andika daftarini: jina, mtaa, alichoagiza, jumla, amelipa au bado. Simu inaweza kudondoka kwenye ndoo ya maji, daftari libaki.

Ijumaa saa 2 usiku funga kweli. Anayeandika saa 4 usiku mjibu kwa upole kwamba utamweka wiki ijayo, au akubali kitakachobaki. Ukimfungulia mmoja, wiki ya tatu wote watakuwa wanaagiza Jumamosi asubuhi ukiwa barabarani. Baada ya kufunga, jumlisha kila bidhaa: mchicha mafungu 68, chainizi 30, na kadhalika. Karatasi hiyo ndiyo unayoingia nayo bustanini alfajiri, na unavuna hicho tu pamoja na mafungu machache ya akiba. Kilichobaki shambani bado ni hai na kinaweza kuuzwa Jumanne. Kilichokatwa bila mwenyewe kinaanza kufa palepale.

Baada ya miezi miwili mitatu daftari litaanza kukuambia mambo. Utaona oda zinanona tarehe za ishirini na kitu mishahara ikitoka, na zinakonda katikati ya mwezi. Utajua nani hanunui bamia kamwe na nani anataka trei mbili kila wiki mbili. Panda kwa kufuata hilo daftari.

Hatua ya 6: Malipo

Chukua Lipa Namba (namba ya biashara ya kupokelea malipo) ya mtandao unaoutumia, iwe M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa. Uliza kwenye duka la mtandao wako masharti na makato yake, maana hubadilika. Faida yake ni kwamba hela ya biashara inakaa mbali na hela ya ada ya shule, na mteja anaona jina lako kabla hajathibitisha. Kama bado unapokea kwa namba ya kawaida, kubalianeni mapema kama mteja anatuma na ya kutolea au la. Shilingi mia kadhaa kwa kila muamala, kwa wateja 20, kila wiki, ni mfuko wa mbolea.

Mteja mpya alipe kabla hujavuna, angalau nusu. Mteja wa siku nyingi anaweza kulipa akipokea. Deni la mpaka mshahara lisizidi oda moja; oda ya kwanza haijalipwa, ya pili haitoki. Sema hivyo mapema kwa sauti ya kawaida, watu wazima wanaelewa.

Usiachie mzigo kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja, wala kwa meseji iliyoingia kwako kutoka namba ya mtu binafsi. Fungua akaunti yako, angalia salio. Akipiga mtu kusema amekosea kutuma na anaomba umrudishie, mwambie awasiliane na huduma kwa wateja wa mtandao wake ndio wairudishe. Usirudishe kwa mkono wako. Meseji za kitapeli zipeleke 15040.

Hatua ya 7: Vuna na ufungashe kwa hali ya hewa ya Dodoma

Hewa yetu ni kavu na upepo haupumziki. Jani la chainizi lililokatwa saa 3 asubuhi na kukaa wazi juu ya pikipiki linafika limelala. Mboga za majani zikatwe kuanzia saa 11 alfajiri, zikiwa zimenyweshwa jioni iliyotangulia, na ziingie kivulini papo hapo. Zikung’ute udongo, zipange wima kwenye tenga au kapu, funika kwa gunia la katani au kitambaa kilicholowanishwa na kukamuliwa. Unyevu unaotoka kwenye kitambaa ndio unaopoza, na ukavu wa hewa ambao tunaulaumu kila siku hapa unakuwa rafiki, kwa sababu maji yanakauka upesi na kuchukua joto nayo.

Kwa kanuni hiyohiyo unaweza kujenga kijumba cha kupozea: kuta mbili za wavu zenye nafasi katikati iliyojazwa mkaa, na maji yanayodondokea mkaa huo polepole kutoka kwenye ndoo au mpira uliotobolewa. Hakihitaji umeme. Nyanya, bamia na majani vinakaa vizuri humo vikisubiri safari. Vitunguu usiviweke, vinataka ukavu.

Nyanya za kufika Jumamosi zichume zikiwa zimeanza kuiva lakini bado ngumu mkononi. Zabibu ni kinyume: haziendelei kuiva zikishakatwa, kwa hiyo onja kwanza, kata kishada kwa mkasi ukishika kikonyo, na usiufute ule utando mweupe wa asili juu ya ngozi, ni kinga yake. Usizioshe kabla ya kufungasha. Mayai pia usiyaoshe. Futa uchafu kwa kitambaa kikavu, na yenye ufa yabaki nyumbani.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Njia ninayoiamini ni kapu la kubadilishana: mteja analipia kapu mara moja, kila Jumamosi anapokea lililojaa na kurudisha tupu. Kila kapu lifungwe kikaratasi chenye jina, oda na jumla. Ukikosa kikaratasi, utamaliza dakika kumi kwenye kila geti ukihesabu upya.

Hatua ya 8: Fikisha

Mwambie kila mteja akutumie lokesheni akiwa nyumbani kwake. Wengi huituma wakiwa kazini, nawe Jumamosi unajikuta mbele ya wizara iliyofungwa. Omba pia alama ya macho, kama rangi ya geti au duka lililo mkabala, na namba iliyo kwenye kibao cha anwani za makazi kama nyumba inacho. Hifadhi kila nyumba kwenye ramani ya simu kwa jina la mteja, kisha panga safari kwa mduara: anza na geti la mbali au la karibu, ila usirudi njia uliyopita.

Kuhusu chombo, tafuta dereva mmoja wa bodaboda au bajaji na ukubaliane bei ya asubuhi nzima, si ya kila geti. Dereva huyohuyo kila wiki anajifunza mageti, anajifunza kutokalia makapu, na wateja wanamzoea. Mlipe vizuri na kwa wakati. Kutoka mbali kama Hombolo au Mvumi, mzigo unaweza kutangulia na gari la abiria la alfajiri hadi mjini, kisha bajaji ikapokea. Mpigie kondakta mapema, mpe namba ya mpokeaji, na kila furushi liwe na jina. Kwa anayetoka halmashauri nyingine, mathalani Chamwino au Bahi, mzigo usiozidi tani moja ulifutiwa ushuru wa mazao tangu bajeti ya mwaka 2017/18, na makapu yako hayakaribii hapo.

Ukichelewa, toa taarifa kabla mteja hajauliza. Pampu ikiharibika Jumatano, tangaza Alhamisi. Kitu kikifika kibaya, omba radhi, rudisha hela au ongeza fungu wiki ijayo, uandike daftarini ili usisahau. Maneno mengi ya kujitetea hayamsaidii mtu mwenye nyanya iliyopasuka mkononi.

Hatua ya 9: Unganeni, lakini kwa mpangilio

Oda zikizidi uwezo wa matuta yako, usinunue mboga Majengo ukaiuza kama ya kwako. Mteja atajua, labda si leo. Mlete jirani: yeye atoe chainizi, wewe mchicha, mwingine mayai. Kubalianeni kwa maandishi ukubwa wa fungu, saa ya kuvuna, dawa zinazoruhusiwa na siku za kusubiri baada ya kupuliza, maana mteja anapokula mboga ya mmoja wenu anakula jina la wote. Anayeshika simu na kupanga oda alipwe asilimia mliyokubaliana; ni kazi kama ya kumwagilia. Kila wiki hesabu zisomwe mbele ya wote, pamoja na orodha ya miamala.

Kumbukumbu hizo zina thamani nyingine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoingia ofisi ya maendeleo ya jamii kikiwa na daftari la oda la miezi sita na taarifa ya Lipa Namba kinaeleza biashara iliyopo tayari, na kinajua mkopo unatakiwa kununua nini: pampu ya jua, kijumba cha mkaa, au bajaji ya mizigo.

Mtaa wa pili ufungueni pale tu ambapo mtaa wa kwanza umepokea mzigo wake kwa wakati miezi mitatu mfululizo, na matuta ya kuulisha yameshasiwa. Upeni siku yake tofauti ya oda na orodha yake ya matangazo, ili mafungu ya Kisasa yasije yakaahidiwa kwa watu wa Ilazo.